Sarafu ya metali isiyo yake: namna ya kuipima Lubumbashi kabla ya kuamini rangi

Nyumba nyingi za Lubumbashi bado zina kopo la sarafu ambazo hazinunui kitu tena: franka za tembo za wakati wa Wabelgiji, franka za Katanga zenye mkungu wa ndizi, makuta ya wakati wa Mobutu, ngwee za Zambia zilizovuka mpaka wa Kasumbalesa mifukoni mwa wasafiri. Franka ya Kongo ya leo ni noti tupu, kwa hiyo hizo za zamani hukaa tu hadi mnunuzi wa mitraye (metali chakavu) apite na kuzipima kwa kilo pamoja na nyaya na mabomba. Hapo ndipo hasara inapotokea. Mara chache sana, ndani ya kopo la namna hiyo huwemo sarafu iliyopigwa kwenye metali isiyo yake, na hiyo haistahili kuuzwa kwa kilo.

Mara nyingi zaidi huwemo sarafu inayofanana na hiyo: imechovywa, imelika, imeungua au imepakwa. Mwongozo huu ni wa kuzitenganisha hizo mbili kwa vifaa vya bei ndogo, bila kuikwaruza sarafu.

Kosa hutokeaje

Kiwanda cha sarafu hukata visahani vitupu kutoka bamba la metali. Kila kisahani huingia kwenye mashine, hukaa ndani ya pete ya chuma, na hubanwa kati ya mihuri miwili kwa nguvu kubwa. Viwanda vikubwa hupigia nchi nyingi: franka 2 za Kongo za mwaka 1943, zile za pembe sita zenye tembo, zilipigwa Philadelphia nchini Marekani, na franka 50 za fedha za 1944 zilipigwa Pretoria. Sanduku la visahani lisipomwagwa lote, vichache hubaki kwenye kona, kisha vinakuja kupigwa muhuri wa thamani nyingine au hata wa nchi nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi duniani unatugusa kidogo, maana shaba ndiyo chanzo chake. Mwaka 1943 Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya vita, ikapiga senti 1 kwenye chuma kilichopakwa zinki. Visahani vichache vya bronzi (shaba yenye bati kidogo) vilivyosalia vikapigwa muhuri wa 1943. Mwaka uliofuata ikawa kinyume: senti zilirudi kwenye shaba, lakini Philadelphia hiyo hiyo ilikuwa inaipigia Ubelgiji franka 2 za 1944 kwenye visahani vya chuma vya aina ile ile, na senti chache za 1944 zikatoka za chuma. Senti moja ya bronzi ya 1943, iliyopigwa Denver, iliuzwa dola milioni 1.7 mwaka 2010. Bei kama hiyo ndiyo inayowapa waghushi nguvu ya kufanya kazi usiku na mchana.

Kutokana na jinsi mashine inavyofanya kazi, shika mambo mawili, kwani yote yanayofuata yanasimama juu yake.

La kwanza: kisahani kigeni lazima kiingie ndani ya pete. Kikubwa kuliko pete hakiingii. Kidogo huingia, lakini hakijazi pete. Kwa hiyo herufi za pembeni hukatika na ukingo haukamiliki upande mmoja au pande zote.

La pili: kisahani kigeni kilitengenezwa kwa ajili ya sarafu fulani. Kwa hiyo uzito wa sarafu ya kosa lazima ulingane na uzito wa sarafu nyingine halisi iliyopigwa katika kiwanda hicho hicho, miaka hiyo hiyo. Ukipata uzito usiofanana na sarafu yoyote, karibu kila mara una sarafu iliyoharibiwa au ya kughushi. Watu wengi huishia kwenye rangi na hawafiki hapa, na ndiyo sababu wanagombana bure na wanunuzi.

Vifaa

Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, pamoja na jiwe lake la kusahihishia la gramu 50 au 100. Mizani ya gramu 0.1 haitoshi. Ongeza kalipa ya kupimia upana na unene, lupu inayokuza mara 10, sumaku ndogo yenye nguvu (ile ya spika ndogo au ya diski kuu ya kompyuta inafaa sana), glasi nyembamba, uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki, na bahasha za karatasi kavu.

Usichukue limau, chumvi, majivu, brashi ya chuma wala dawa ya kung'arisha. Sarafu iliyosuguliwa imepoteza sehemu ya ushahidi wake na sehemu kubwa ya thamani yake. Ukiikuta sokoni kwa mama anayeuza vitu vya zamani, mwambie: "Mama, naomba niipime hivi hivi, usiifute." Anayetaka kukuuzia atainyanyua na kuisugua kwenye kitenge kwa nia njema kabisa, mzuie mapema.

Hatua ya 1: isome sarafu na ujue ilipaswa kuwa ya metali gani

Nchi hubadilisha metali kwa sheria, na sarafu ya metali mpya siyo kosa. Franka 1 ya Kongo ya Wabelgiji ilikuwa ya kupronikeli (shaba na nikeli, rangi nyeupe) katika miaka ya 1920 hadi 1930. Ikawa ya brasi (shaba na zinki, rangi ya njano) 1944 hadi 1949. Kisha ikawa ya alumini kuanzia 1957. Franka 5 nazo zilikuwa za brasi mwaka 1947, na za alumini katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Ngwee 1 ya Zambia ya 1968 ni bronzi na haishikwi na sumaku. Ile ya 1982 na 1983 ni chuma kilichovikwa shaba, nayo hurukia sumaku. Mtu asiyeangalia mwaka huzipanga zote mbili mezani na kushangilia kosa ambalo halipo.

Katanga ina mtego wake. Mwaka 1961 Benki ya Taifa ya Katanga ilitoa franka 1 na franka 5 za bronzi, zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande mwingine. Ilitoa pia franka 5 za dhahabu, zenye picha ile ile na upana ule ule wa milimita 26. Hiyo ya dhahabu ilipigwa makusudi, si kosa la kiwanda, lakini ndiyo inayotafutwa zaidi hapa mjini. Uzito unamaliza ubishi: ya bronzi ni karibu gramu 6.5, ya dhahabu ni gramu 13.33. Iliyopakwa rangi ya dhahabu itabaki kwenye gramu 6 na kitu, hata ing'ae vipi.

Angalia pia kama pana neno ESSAI. Hizo ni sarafu za majaribio, na viwanda vilizipiga katika metali mbalimbali kwa kukusudia. Zina thamani yake, lakini siyo makosa.

Hatua ya 2: sumaku

Ining'inize sarafu kwa uzi, usogeze sumaku taratibu. Chuma hurukia. Nikeli safi nayo hurukia, na wengi hawalijui hilo. Kupronikeli ya kawaida, brasi, bronzi, alumini, fedha na dhahabu havirukii. Ukiona mvuto dhaifu sana, shuku mchanganyiko au ngozi nyembamba ya nikeli juu ya metali nyingine, kisha endelea na hatua zinazofuata kabla ya kuamua.

Kwa Lubumbashi jaribio hili ni la lazima kabla ya lingine lolote. Mji umezungukwa na kazi ya shaba, na maji yenye salfeti ya shaba hayako mbali. Sarafu ya chuma ikitumbukizwa kwenye maji hayo, shaba iliyoyeyuka huganda juu yake yenyewe, bila umeme, katika muda wa dakika chache. Inatoka nyekundu kama mukuba (shaba) safi. Chini ya lupu ngozi hiyo ni ya chembechembe, haina mng'ao wa metali iliyobanwa, na mara nyingi imeachia kwenye kona za herufi. Sumaku huishika papo hapo.

Hatua ya 3: uzito

Sahihisha mizani kwa jiwe lake, juu ya meza isiyotikisika, madirisha yakiwa yamefungwa. Upepo wa feni unaweza kusogeza namba ya mwisho. Pima sarafu mara tatu, ukiitoa na kuirudisha. Kisha pima nyingine za aina na mwaka ule ule, tano hadi kumi kama zipo. Hizo ndugu zake ni kipimo bora kuliko jedwali la mtandaoni, kwa sababu zimechakaa kwenye mikono ile ile.

Sarafu iliyotumika sana hupoteza asilimia 1 hadi 3 bila tatizo. Tofauti ikizidi 5, anza kuuliza. Ili ujue utarajie nini, tumia densiti, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo:

alumini 2.7
zinki 7.1
chuma 7.9
brasi karibu 8.5
bronzi karibu 8.8
kupronikeli 8.9
shaba 8.96
fedha safi 10.5
dhahabu safi 19.3

Chukua sengi 10 za Kongo za 1967, zile za chui. Ni alumini, gramu 0.7. Kisahani chenye ukubwa ule ule kikiwa cha bronzi kingekuwa 0.7 × 8.8 ÷ 2.7, yaani karibu gramu 2.3. Sasa rudi kwenye jambo la pili: je, kiwanda kilichopiga sengi kilikuwa na sarafu ya bronzi ya gramu 2.3, yenye upana huo au pungufu kidogo, mwaka huo? Ukiipata kwenye katalogi, una kitu cha kufuatilia. Usipoipata, usikate tamaa mara moja, lakini punguza sauti.

Hatua ya 4: maji

Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vyote ambavyo mtu anaweza kufanya nyumbani, kwa sababu hakidanganywi na ngozi ya juu.

Jaza glasi maji safi ya mvua au yaliyochemshwa yakapoa, tia tone moja tu la sabuni ya maji ili mapovu yasing'ang'anie sarafu. Weka glasi juu ya mizani. Funga kitanzi cha uzi wa nailoni, kining'inize kwenye kijiti kilicholala juu ya viti viwili au rundo la vitabu, ili uzi usitegemee mizani. Zamisha kitanzi kitupu kwanza, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Sasa weka sarafu kwenye kitanzi, izame yote, isiguse chini wala kando ya glasi. Namba inayotokea ni gramu za maji yaliyosogezwa, ambazo ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Franka 50 za 1944 ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi. Ni fedha nusu na shaba nusu, gramu 17.5. Kwenye maji mizani itaonyesha karibu 1.81, na 17.5 ÷ 1.81 ni 9.67. Ikiwa ni ya kupronikeli ya kughushi yenye uzito ule ule, maji yatasoma karibu 1.97, na jibu litakuwa 8.9. Tofauti hiyo inaonekana bila taabu.

Kwa sarafu ndogo, kuwa na kiasi. Yenye ujazo wa 0.35 ikikosewa kwa 0.01 tu, jibu linapotoka karibu asilimia 3, yaani huwezi kutenganisha bronzi na brasi. Alumini, chuma na shaba bado utavitenganisha vizuri. Rudia mara tano na uchukue wastani. Mkosaji mkubwa ni povu moja lililojificha nyuma ya herufi: hufanya ujazo uonekane mkubwa na densiti ishuke. Ukimaliza, gusisha sarafu kwenye kitambaa laini bila kusugua. Ya chuma ikauke upesi, isianze kutu.

Hatua ya 5: lupu, kuanzia ubavuni

Watu huanza na uso wa sarafu. Anza na ubavu. Alama ya mstari unaozunguka katikati ya ubavu ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu, si ya kupigwa. Vitundu vidogo vya hewa na herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika ni dalili nyingine. Rangi mbili ubavuni, moja ndani na moja nje, huonyesha ngozi iliyopakwa, au sarafu ambayo kiwanda chenyewe kiliitengeneza kwa tabaka mbili.

Kisha angalia ukingo na herufi. Kisahani chembamba au kidogo huacha ukingo usioinuka vizuri, lakini uwanja wa sarafu unabaki na mng'ao na mistari ya metali iliyosukumwa kutoka katikati kwenda nje. Sarafu iliyolika kwa asidi hufanana nayo kwa mbali, nayo pia ni nyepesi, ila kila kitu kimepungua kwa pamoja: herufi zimekonda pande zote, uwanja una ngozi ya punje, na ubavu umekonda sawa na uso. Asidi ya betri hufanya hivyo, na asidi ya viwandani pia.

Nguvu ya muhuri nayo inasema. Mashine iliyowekwa kwa ajili ya chuma kigumu, ikipata bronzi laini, hutoa picha kali na iliyojaa, kama ilivyokuwa kwa senti za bronzi za 1943. Mashine iliyowekwa kwa ajili ya brasi, ikipata metali ngumu zaidi, huacha sehemu za juu zikiwa bapa. Kwenye franka za tembo, tazama sikio na paji la uso.

Kama una senti ya 1943 inayodai kuwa ya bronzi, kuna mambo matatu ya haraka. Isishikwe na sumaku. Iwe karibu gramu 3.11, maana ya chuma ni karibu 2.7. Na mkia wa 3 ushuke chini ya mstari wa tarakimu nyingine. Waghushi hukwangua 8 ya 1948 ikawa 3, lakini hawawezi kuurefusha mkia.

Rangi zinazodanganya

Zebaki. Pande za Kivu na popote panapochimbwa dhahabu kwa mikono, sarafu ya bronzi au brasi ikisuguliwa na zebaki huwa nyeupe kama fedha kwa siku kadhaa. Uzito haubadiliki na maji yatasema brasi. Usiipashe moto hata kidogo: mvuke wake ni sumu ya ubongo na figo. Ifunge kwenye chupa yenye kifuniko, nawa mikono, na usiwape watoto waichezee.

Brasi iliyoungua au iliyokaa kwenye asidi hupoteza zinki ya juu na kuwa nyekundu. Franka 2 za tembo hupatikana hivyo mara kwa mara, na zinauzwa kama "tembo wa shaba". Kipimo cha maji kitabaki karibu 8.5, na chini ya lupu utaona njano ikichungulia mahali palipokwaruzwa zamani. Usikwaruze mpya ili uone.

Sarafu zilizowahi kuvaliwa shingoni hubeba risasi au fedha ya kuunganishia kitanzi. Uzito huzidi kidogo, na mahali pa kiungo pana alama ya moto. Itafute juu ya ukingo, saa sita, kabla ya kusema kwamba uzito ni wa ajabu.

Mashine ya depo

Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi haina: maabara na depo za madini zina kifaa cha mkononi cha miale ya eksi kinachosoma metali bila kuikwaruza, kile watu wa depo wanachokiita metorex. Ukipata wa kukusaidia, zingatia hivi. Mwombe aweke mashine kwenye hali ya aloi (metali zilizochanganywa), siyo ya mawe ya madini, la sivyo asilimia zitakuja zimepotoka. Apime pande zote mbili na ubavu. Mashine husoma ngozi tu, sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo sarafu iliyopakwa itaonyesha rangi yake ya juu kwa namba nzuri na za kuaminika kabisa. Linganisha na kipimo cha maji. Vikipatana, una metali. Vikipingana, una ngozi juu ya kitu kingine.

Sonara anayetaka kuipiga tupa na kuidondoshea asidi ili aone kama ni dhahabu, mkatalie kwa heshima. Kwa mkufu njia hiyo inafaa. Kwa sarafu ya 1961 ni kuitoboa thamani yake mbele ya macho yako.

Ikifaulu hatua zote

Andika kwenye karatasi: nchi, thamani, mwaka, upana, unene sehemu tatu, uzito mkavu, usomaji wa majini, densiti, jibu la sumaku, na jina la sarafu unayodhani ndiyo mwenye kisahani. Piga picha sita: pande mbili na ubavu, kisha pande mbili na ubavu wa ndugu yake wa kawaida, zote kwa mwanga wa dirishani bila flashi. Piga na ya mizani ikionyesha namba.

Kampuni kama PCGS na NGC hukagua makosa ya kiwanda na kufunga sarafu kwenye kasha lenye cheti. Zote ni za Marekani, na PCGS ina ofisi Paris. Gharama na bima ya safari ni kubwa kwa sarafu ya kawaida, kwa hiyo tuma picha na vipimo kwanza kwa wakusanyaji au nyumba ya mnada inayojua sarafu za Kongo, angalau sehemu mbili zisizohusiana. Anayekutaka umpe sarafu "akaichunguze nyumbani" kabla ya kutaja bei, usimpe.

Hadi jibu lije, iweke sarafu kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na kifuko cha chembe za kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja kwenye viatu vipya. Plastiki laini inayonuka huacha uchafu wa kijani kwenye shaba baada ya muda. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati wa mvua, badilisha kifuko hicho kila mwezi, na ishike sarafu ubavuni tu, kwa vidole viwili.